Aliyeomba Asiitwe Mapema

Sikumbuki kumwona nyanya yangu amelala. Nimejaribu. Nimekaa kitandani kwangu hapa mjini Eldoret, nimefumba macho, nikapita chumba kwa chumba katika ile nyumba ya mabati upande wa Chepsaita, nikafungua kila mlango, na kila mahali namkuta yuko macho. Jikoni anapuliza moto. Bomani yuko chini ya ng'ombe, ukungu umemfunika hadi mabegani, ndoo katikati ya magoti. Kwenye kiti chake kando ya ghala la mahindi, anakaza kifungo ambacho hakijakatika bado ila yeye alishaona kwamba kitakatika. Hata kanisani, mahubiri yakirefuka na kina mama wenzake wakianza kuinamisha vichwa kama mahindi yaliyokomaa, yeye alikaa wima.

Najua haiwezekani. Nilisoma chuo kikuu, na kitu kimoja nilichotoka nacho pale ni kutoiamini kumbukumbu, hasa ile inayokuja ikiwa nzuri mno. Kaka yangu, ambaye tulilelewa naye pale, anasema mimi ndiye niliyekuwa nikilala kama gogo, kwa hiyo ningemwona saa ngapi. Huenda ni kweli. Wazazi wetu walikuwa walimu waliohamishwa kila mara, leo shule hii kesho ile, nasi tukaachwa kwake tangu tukiwa wadogo. Usingizi wetu aliulinda yeye. Wa kwake sijui uliwekwa wapi.

Tulimwita Kogo, kama nyanya wote wa upande wetu wanavyoitwa. Jina lake lenyewe sitaliandika. Kwetu jina la marehemu halitajwi ovyo, kwa sababu kuna kazi moja ambayo jina hilo bado linaifanya.

Kazi hiyo ni hii. Mtoto akizaliwa, wanawake wa ukoo wa baba yake hukusanyika chumbani, na mmoja wao huanza kuwaita waliotangulia, jina baada ya jina, polepole, kama mtu anayegonga milango ya nyumba ndefu. Mtoto akipiga chafya jina fulani likiwa bado hewani, basi ni huyo. Amekuja. Mtoto atabeba jina lake, na watu watamtazama akikua, wamtafutie mwendo wa yule, hasira za yule, mkono wa kushoto wa yule. Na ili chafya isikawie hadi chai ipoe, mwanamke mwingine hukaa karibu na ugoro kwenye ncha ya kidole, kidogo kuliko chumvi ya yai, akaupitisha mbali kidogo na pua.

Kogo ndiye aliyekuwa mwitaji wa majina katika eneo letu lote. Walimfuata kwa miguu, baadaye kwa boda. Mimi nilikuwa nambebea ugoro. Aliuweka kwenye kikopo cha dawa ya kifua, cha kijani, kilichokuwa bado kinanuka dawa kwa mbali, na kwa sababu kanisa letu halikupenda ugoro, kikopo hicho kilikaa mfukoni mwa sweta langu, si lake. Akikihitaji kwa haja zake mwenyewe nyuma ya ghala, aliniambia, "Lete ile dawa ya kichwa." Nilikuwa mtoto wa kuulizauliza, lakini hilo sikuliuliza. Nilijua kichwa hakikuwa na neno.

Niliuliza mengine. Tulikuwa tunarudi kutoka kuita mahali, njia imejaa maua ya mpareto ya shamba la mtu, au huenda mpareto nimeutoa ndoto nyingine, nikamwambia, "Kogo, mtoto anapiga chafya kwa sababu ya ugoro. Si kwa sababu ya jina."

Hakusimama. "Na wewe nikikuita jioni unakuja mbio," akasema. "Unakuja kwa sababu ya jina lako ama kwa sababu ya chai?"

"Chai."

"Lakini mbona nikimwita kaka yako huji wewe?"

Nilitembea nikilifikiria jambo hilo hadi nyumbani. Nikiwa chuoni nililijibu vizuri sana, kwa maneno mazito, na nilipokuja likizo ya Krismasi nikawamwagia kina mama jikoni jibu lote, neva za pua na bahati nasibu, hadi majani yakatulia chini ya vikombe. Kogo alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Umesoma vizuri. Sasa nani ameona kikopo changu?"

Katika majina yote aliyoyaita, kulikuwa na moja ambalo alilipitia upesi, kama mtu anayepita nje ya nyumba yenye mbwa. Lilikuwa jina la mama mkwe wake. Alimkuta nyumbani hapo alipoletwa akiwa bado msichana, na mama huyo ndiye aliyemfundisha kuamka. Alikuwa anasimama mlangoni kabla ya ndege wa kwanza, hagongi, anakohoa tu. Ukisikia kikohozi, uwe umeshika ndoo. "Alikufa nikiwa na watoto watatu," Kogo alituambia, "na asubuhi iliyofuata nikaamka saa ile ile. Nikasikia kikohozi. Nikaenda kukamua." Aliendelea kukisikia maisha yake yote, au aliendelea kuamka, ambayo kwangu ni mambo mawili na kwake lilikuwa moja.

Kiangazi cha mwisho cha maisha yake, miguu ilikataa. Shangazi, binti yake mkubwa, alikuja kutoka Sugoi akawachukua ng'ombe akawachanganya na wake, na kwa mara ya kwanza boma lilikaa tupu. Mimi nilikuwa nimemaliza masomo, napanga chumba mjini, nafundisha vipindi vya hapa na pale, na kila mwisho wa juma nilienda kukaa naye. Tuliketi kwenye jua kando ya ghala. Upepo ulileta vumbi jekundu la mashamba yaliyolimwa yakingoja mvua, na kwa mbali ungedhani dunia nzima inapikwa kwa moto mdogo.

Siku moja ya kukaa hivyo, akasema, bila kugeuka, "Mkianza kuniita, msiniite mapema."

Nikajifanya sijaelewa.

"Nataka kulala," akasema. "Wacha watoto wawili watatu wapite. Waiteni wengine, wako wengi hawana kazi. Mimi kwanza nilale."

"Kogo, unajua mimi siamini hayo mambo."

"Ndiyo maana nakwambia wewe. Hawa wanaoamini wataniita kabla udongo haujakauka." Alicheka kidogo, hewa tu puani. "Askari wa geti haulizwi kama anaamini aliye ndani. Anaulizwa kama amefunga."

Nilimwambia sasa si alale hata mchana huo, ng'ombe hawapo, nani anamkoholea. Akapapasa simu iliyokuwa mapajani, ile ndogo yenye tochi, mulika mwizi, akaifunika kwa leso kama kifaranga.

"Kaka yako hunipigia alfajiri," akasema.

Kaka yangu ni dereva wa lori. Hupakia Mombasa akavuka Malaba, na alikuwa na tabia ya kumpigia Kogo saa ile ambayo usiku haujaisha na barabara haina mtu, kwa sababu katika watu wote aliowajua, ni mmoja tu ambaye angekuwa macho. Nilijua anapiga. Sikujua kwamba yeye bado anaamini Kogo anapokea akiwa bomani.

"Anapenda kusikia ng'ombe," Kogo akasema. "Nilimwambia siku hizi wanalala mbali kidogo na mimi."

"Kwa hivyo unaamka kwa sababu yake?"

"Naamka mapema kidogo kabla hajapiga. Nikipokea nikitoka usingizini, sauti inaniumbua." Akanigeukia sasa. "Usimwambie. Yuko peke yake kwenye giza na chuma kikubwa. Anataka mtu aliye macho."

Kisha akanipa kikopo. Si kunibebesha kama zamani, kunipa. Nadhani ilikuwa siku hiyo. Ningependa iwe siku hiyo, kwa hiyo nina shaka nayo.

Alikufa mvua zilipoanza, watu wakiwa mashambani wanapanda. Kaka alikuwa kwenye foleni ya malori mpakani, mbele magari na nyuma magari, hawezi kugeuza. Alifika jioni ya mazishi, wageni wakikunja viti, kaburi limeshainuliwa na kupigwapigwa kwa migongo ya majembe, pale mwisho wa ua wa miti ya saiprasi, kando ya njia ya kokoto inayotoka getini. Alisimama juu ya udongo huo na buti zake za safari, akauliza swali moja tu, kama alivalishwa sweta. Nikamwambia ndiyo. Hakuingia bomani wala hakuuliza mahali ng'ombe walipokuwa. Alirudi barabarani kabla mvua haijaosha alama za majembe.

Mahindi yalipokuwa yanavunwa, mkewe alijifungua msichana.

Kaka alikuja mjini kuniona kabla ya siku ya kuita. Tulikaa kwenye kibanda karibu na stendi ya malori, chai mbele yetu, chapati imekunjwa kwenye sahani hakuna anayeigusa. Amenenepa shingo, kama madereva wote. Aliuzungusha mpini wa kikombe upande huu na upande ule.

"Kikopo bado unacho?"

"Ninacho."

"Shangazi ndiye ataita. Nimeongea naye. Ataanza na Kogo." Mama wa kibanda akapita na birika. "Sasa nataka wewe ukae na ugoro. Na ikifika hapo kwa Kogo, usiwe na mkono mzito."

"Unataka nimdanganye mtoto wako?"

"Si wewe unasema yote ni ugoro? Basi weka ugoro." Alitabasamu, lakini si kwa macho. "Wewe ulikuwa naye kila wiki. Ulimzika. Mimi nilikuta mchanga. Nataka nirudi nyumbani nimkute."

Hapo ndipo ningemwambia. Maneno yalikuwa yamekaa tayari mdomoni: amesema tusimwite, anataka kulala. Lakini nilijua swali ambalo lingefuata, alichoshwa na nini, na jibu la swali hilo lilikuwa limeketi mbele yangu likizungusha kikombe. Nikamwambia nitakuja. Chapati tukamwachia mama wa kibanda.

Jambo hili lilinichekesha njiani, kicheko kibaya. Kama nisemavyo ni kweli, Kogo hayupo popote, halali wala haamki, na kidole changu kingeweza kumpa kaka yangu furaha ya bure. Haikuwepo sababu hata moja ya kumnyima. Na bado kila nilipofikiria kidole hicho kikisogea huku jina lake likitajwa, nilijisikia kama mtu anayekohoa nje ya mlango kabla ya ndege wa kwanza.

Siku ya kuita, baada ya chakula cha mchana, tulijaa katika chumba ambacho zamani kilikuwa cha Kogo. Wazazi wetu walikuwa shuleni kwao wanasimamia mitihani. Wifi yangu alikuwa kitandani ameegemea mito, mtoto mapajani amefungwa kama gunzi ndani ya maganda. Shangazi alikaa kando yake. Walikuwepo majirani watatu, kina mama waliozoea kumfuata Kogo. Wanaume walikuwa nje, na pazia lilikuwa limevutwa, jua likapita humo likawa la rangi ya chai. Mashine ya kupukuchua mahindi ilikuwa inaunguruma shamba la pili, sauti moja ndefu, hadi ukaisahau. Walianza kwa maombi, ili upande wowote usikasirike.

"Haya," Shangazi akasema, "tunaanza na mama yangu. Lete kidole."

Kikopo nilikuwa nimekifungua. Nikakifunga.

"Kwake tusitumie ugoro," nikasema.

"Kwa nini?"

"Alisema asiitwe mapema. Alisema anataka kulala kwanza."

Mashine ikasikika tena. Jirani mmoja, mama mnene mwenye kitambaa cha zambarau, akanitazama.

"Alisema lini?"

"Kiangazi. Hapo kando ya ghala."

"Na si ni wewe," akasema, "ulitukalisha jikoni Krismasi ile ukatufundisha mambo ya mapua mpaka chai ikapoa?"

"Ni mimi."

"Sasa umeokoka ama umepotea?"

Wakacheka, hata wifi yangu, ameshika tumbo.

"Bado naona ni pua tu," nikasema. "Lakini alisema."

Shangazi hakucheka. "Mimi ndiye binti yake. Mbona hakuniambia?"

"Labda kwa sababu ungemwita tu."

Mabega ya Shangazi yakaanza kutikisika. "Ningemwita," akasema. "Kweli ningemwita. Hata leo nimekuja mbio kumwita." Akajifuta jicho kwa ncha ya leso.

"Lakini baba ya mtoto anamtaka Kogo," wifi yangu akasema polepole. "Hata kabla hajazaliwa alikuwa anaongea na tumbo akilitaja jina hilo. Mimi nitamwambia nini?"

Hapo tukasikia kokoto zikisogea nje ya dirisha. Kivuli kilikuwa kimesimama kwenye pazia, kipana mabegani, na sijui kilikuwa hapo tangu saa ngapi.

"Shangazi," kivuli kikasema. "Tafadhali."

Kina mama wakaangalia mikono yao. Nami nilielewa kwamba sina la kumwambia mtu anayeomba hivyo akiwa nyuma ya pazia. Hoja zangu zote zilikuwa za kuwashinda watu waliokaa mezani.

Shangazi aliinamisha kichwa hadi nikadhani anaomba. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika dirishani, "Nitamwita mara moja. Bila ugoro. Mlango tunamfungulia, lakini hatumvuti mkono. Akitaka kuja, njia anaijua. Asipokuja, mtu asimlaumu mtu." Akanitazama. "Umeridhika, askari?"

Sikuwahi kumwambia neno hilo la askari. Labda Kogo alilitumia kwa wote.

Nikakiweka kikopo juu ya kabati, mbali nami. Shangazi akainama juu ya mtoto, akaita. Sauti yake haikuwa ya kawaida. Ilikuwa ndefu na ya chini, ile ambayo Kogo aliitumia, ambayo nilikuwa nimesahau kwamba iliwahi kuwepo duniani, na jina lilipotoka kwa sauti hiyo, chumba kilibadilika kidogo, kama maji yanavyobadilika kitu kikipita chini yake. Mtoto akafumbua macho. Hakutuona, watoto wa umri huo hawaoni mbali. Alitazama mahali juu ya bega la Shangazi. Pua ikakunjamana.

Mimi ambaye siamini, nilikuwa nimeshika mbao za kitanda, naomba kitu moyoni kwa nguvu zangu zote, na hadi leo sijui kama nilikuwa naomba aje au naomba alale.

Mtoto akapiga mwayo. Mwayo mrefu, mkubwa kuliko uso wake, uliomtetemesha kidevu. Kisha akafumba macho.

Halafu yule mama wa kitambaa cha zambarau akasema taratibu, "Basi amejibu."

"Amejibu," Shangazi akasema. "Tumesikia."

Nje ya dirisha kivuli kilikuwa kimeondoka.

Tuliendelea, kwa sababu mtoto hawezi kukaa bila mwenye jina lake. Nilikichukua kikopo. Shangazi akaita dada wa babu, akaita mama wa babu mkubwa, akaita mwingine ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza vibuyu, na kila jina nilipitisha kidole na mtoto alilala kana kwamba ugoro ni wa watu wengine. Mwisho Shangazi akalitaja, upesi, akitazama pembeni, lile jina la mama mkwe wa Kogo. Kidole changu kilikuwa bado ndani ya kikopo. Mtoto akapiga chafya, akapiga ya pili, na ya tatu ikamwamsha, akalia kwa hasira.

Kwanza tulitazamana. Kisha kicheko kilipasuka, kile cha kushikana mabega, machozi yakatoka, na wifi yangu akawa anauliza, "Nini? Ni nani huyo? Mbona mnacheka mtoto wangu?"

"Mama," Shangazi akamwambia, "umezaa mama mkwe wa Kogo. Ficha ndoo."

"Huyo hakungoja ugoro," akasema jirani mwingine. "Alikuwa amesimama mlangoni tangu asubuhi."

"Na sasa yeye ndiye ataamshwa," yule wa zambarau akasema. "Mwenzake amelala. Mungu hana haraka, lakini anafika."

Ninayo maelezo. Ugoro ulikuwa umeshatapakaa hewani kufikia wakati huo, na mtoto alikuwa amechoka kupitishiwa vidole. Ninayo na ninayaamini. Nilicheka hadi mbavu zikauma hata hivyo.

Kaka nilimkuta bomani. Alikuwa ameegemea nguzo ya mlango, anatazama ardhi iliyokwisha kuota nyasi, laini, za kijani kibichi, kama hapakuwahi kukanyagwa na kwato. Nilisimama upande wa pili wa nguzo. Hatukuangaliana.

"Umemfungia nje," akasema.

"Aliitwa. Ulisikia mwenyewe."

"Nilisikia." Akang'oa ubua mmoja wa nyasi. "Alichoka na nini? Alikuwa na sisi, alikuwa na Shangazi. Alikuwa anacheka kwenye simu kila siku."

Aliuvunja ubua, akaunusa.

"Nyasi hizi ni ndefu," akasema. "Ng'ombe walienda Sugoi lini? Si ni baada ya mazishi?"

Niliahidi kutomwambia kuhusu simu. Kuhusu ng'ombe sikuahidi chochote, na sikuwa na uongo wa kumpa.

"Kiangazi," nikasema. "Kabla ya mvua. Miguu ilikuwa imekataa."

Nilimwona anasafiri. Alikuwa amesimama pale pale, lakini nilimwona anarudi barabara yote ile, kituo kwa kituo, mizani, mteremko, daraja, simu sikioni. Mpaka wiki ya mwisho alikuwa bado anapiga. Mpaka wiki ya mwisho alikuwa anaambiwa, niko bomani, wewe endesha pole.

"Nilikuwa namuuliza kama nimemwamsha," akasema.

"Na yeye?"

"Alikuwa anasema nani alale saa hii." Akaipeleka mikono yote miwili usoni, akaiacha huko. Nilimshika mgongo, mahali ambapo jasho lilikuwa limelowesha shati, tukakaa hivyo mashine ikiunguruma, hadi waliposimamisha kazi na ukimya ukaja juu ya mashamba yote kwa pamoja.

Nililala pale siku hiyo, katika chumba tulichokuwa tukilala watoto. Alfajiri niliamka bila kuamshwa. Ukungu ulikuwa umeingia hadi barazani. Kaka alikuwa nje tayari, amevaa koti, mfuko wa safari begani, lori linamngoja kituoni Chepsaita. Alikuwa ameshika simu na mwanga wake ulimpaka uso rangi ya samawati. Kidole gumba kilikuwa juu ya namba. Sikuhitaji kuiona nijue ni ya nani. Alisimama hivyo muda wa kumaliza kikombe cha chai. Kisha akauzima mwanga, akaitia simu mfukoni.

Nilitoka nimsindikize. Ndani ya nyumba mtoto alilia kidogo, wa jina kali, akanyamazishwa. Njia ya kutoka ni ile ya kokoto, inayopita mwisho wa saiprasi, na buti za kaka yangu ni nzito. Tulipokaribia pale alipozikwa Kogo, aliiacha njia. Akaingia kwenye nyasi zenye umande, akatembea humo, hatua pana, za mtu anayepita chumba cha mgonjwa. Hakunitazama kuona kama nitacheka.

Siamini kwamba aliyekufa husikia viatu. Nilivua vyangu, nikavishika mkononi, nikamfuata kwenye nyasi, baridi ikanipanda hadi magotini. Tulipofika getini akaliinua kidogo kutoka kwenye bawaba zake, kama tulivyofanya utotoni tukichelewa kurudi, ili lisilie.